Mikro Ilinyamaza Mkononi Mwake

Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote kanisani, na nilinyamaza majuma matatu. Naandika hilo kwanza kwa sababu najijua: nikianza na habari nyingine nitapamba, nitaeleza, na utakapofika kwenye kosa langu utakuwa umeshanihurumia.

Natengeneza simu na vyombo vidogovidogo vya umeme huku Kimanga, mjini Uvira, kwenye meza iliyo barazani kwa duka la mtu mwingine. Hakuna aliyenifundisha. Shule niliiacha kabla ya diploma, na ninachokijua nilikipata kwenye video, kwenye vitabu nilivyovipakua kipande kwa kipande siku ambazo mtandao uliruhusu, na kwenye simu nilizoziharibu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Hana cheti cha kumtetea, kwa hiyo kila kosa kwake ni kesi. Mimi hufungua tena simu niliyokwisha kuifunga ili nihakikishe kwamba niliifunga. Mteja akiondoka na simu inayofanya kazi, moyo wangu unamfuata mpaka barabara kubwa.

Katika kusoma huko ovyo ndiko nilikokutana na kanuni ya urahisi. Inasema hivi, kwa maneno yangu: ukiwa na maelezo mawili ya jambo moja, na yote mawili yanalitosha, shika yale yanayokutaka umeze vitu vichache zaidi. Niliipenda papo hapo, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Simu ikikataa kuwaka, jaribu kwanza waya mwingine wa chaji. Usiseme kwamba ubao wa ndani umeungua kabla hujapangusa vumbi kwenye tundu.

Nikaipeleka kanuni hiyo kwa Mungu. Nilichora safu mbili kwenye daftari: kushoto imani, kulia kutoamini. Safu ya kushoto ilirefuka haraka. Mungu yuko. Anasikia. Anawasikia wanaoomba mvua kwa ajili ya mpunga kule Bwegera, na anawasikia jirani zetu wanaoomba isinyeshe, maana ziwa limeshaingia mpaka chumbani kwao. Anajibu. Asipojibu, anatujaribu. Tukishindwa jaribu, tulikuwa na dhambi. Tusipoiona dhambi, imejificha. Kila mstari ulidai mstari mwingine wa kuushikilia. Safu ya kulia ilikuwa na maneno mawili: mambo hutokea. Baada ya miezi miwili niliifuta safu ya kushoto, na niliifuta kwa rula, ili mstari unyooke.

Sikumwambia mtu. Mama yangu ni mmoja wa waombezi, wale akina mama wanaofunga na kuomba kwa ajili ya kanisa, na ningemwambia angefunga siku tatu kwa ajili yangu, naye ana vidonda vya tumbo. Niliendelea kwenda kanisani. Jumapili nyumbani tunaiita siku ya Mungu, na hata baada ya kumfuta Mungu sikuwa na jina lingine la kuiita. Tena mitambo ya sauti ya kanisa ilikuwa mikononi mwangu. Sikuamini tena, lakini bafle, yaani spika, yenye kukoroma sikuweza kuivumilia.

Sasa mama mwingine, yule aliyelipia kosa langu. Aliimba kwenye korali yetu, na nilimwita tantina, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na undugu. Alikuwa amekimbia kutoka Bwegera na watoto wawili, akawa anauza mchele kwa kikombe sokoni. Mjini hakuwa na ukoo wa kumsemea. Alichokuwa nacho ni sauti. Alipoanza ubeti peke yake, watu waliokuwa wakipepea watoto waliacha kupepea. Pale mbele, akiwa na kitambaa cha korali begani, hakuwa mkimbizi wa mtu yeyote.

Jumapili moja mikro, kipaza sauti chetu cha waya, ilinyamaza mkononi mwake katikati ya ubeti. Akairudisha kwa mwenzake, mwenzake akasema "alo, alo", sauti ikarudi. Watu walicheka kidogo. Jumapili iliyofuata ikanyamaza tena, mkononi mwake tena, na hakuna aliyecheka.

Ilikuwa Jumapili hiyo ya pili nilipouona mkono wake. Waimbaji wote hushika mikro kwa mkono wa kulia. Yeye alishika kwa kushoto, kwa sababu mkono wake wa kulia ulivunjika zamani na haupandi juu ya kifua. Mashine ya sauti iko upande wa kulia wa mimbari. Kwa hiyo waya ulimkatiza tumboni, ukajipinda pale unapoingia chini ya mikro, kwenye kile kichwa tunachokiita fishi. Na fishi hiyo niliifunga mimi, siku chache kabla ya yote haya kuanza. Ndani yake kuna kibano kidogo kinachoukamata waya ili ukivutwa usikwanyuke, na kibano hicho hukazwa kwa sukurubu moja, au visi kama tunavyosema. Sukurubu ilinianguka barazani ikapotelea kwenye mchanga. Niliitafuta saa nzima. Kisha nikauzungushia waya skochi, utepe wa kunata, nikafunga, nikajiambia nitarudi.

Mimi, ninayefungua simu za watu mara mbili kwa ajili ya vumbi, sikurudi. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Labda kazi ya kanisani haikuwa na mteja wa kunilaumu.

Kwa hiyo nilijua. Lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba ana jipu mgongoni, bila kuligusa. Usiku ule ule nilianza kutafuta maelezo mengine. Unyevu wa ziwa. Betri ya sola iliyochoka. Antena ya simu iliyosimikwa nyuma ya kanisa. Kutu kwenye swichi. Nilipata maelezo saba, na kila moja niliweza kulieleza vizuri kabisa, kwa michoro. Hakuna hata moja lililokuwa na mimi ndani.

Jumapili ya tatu ikanyamaza. Waombezi wakaingia kwenye maombi, wakatoka wakasema kuna kizuizi. Hawakutaja jina, lakini mikro ilikuwa imeshataja. Mwaka ule watu wa mji wetu walikuwa wamechoka kuogopa vitu visivyo na sura, na hapa kulikuwa na kitu chenye sura. Wazee wa kanisa walimwita tantina, wakamuuliza mara mbili ana nini, mara zote akasema hana kitu. Wakamtenga. Kwetu kutengwa maana yake ni kukaa benchi ya nyuma, bila korali, bila Meza ya Bwana, mpaka uungame na urudishwe mbele ya watu wote. Jumapili ya nne nilimwona amekaa pale karibu na mlango, amewapakata watoto wote wawili, na benchi nzima ilikuwa yake. Wanawake wa korali walianza kununua mchele kwingine.

Nyumbani nilimuuliza mama, "Sasa mukikosea?"

"Tukikosea Mungu atatuonyesha."

"Atawaonyesha namna gani?"

"Weye unauliza sawa na muntu hakubatizwa," mama akasema, akaniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne nilikwenda kununua fishi mpya. Mwenye duka ni Mwislamu wa familia ya zamani ya Uvira, ya wale ambao babu zao walikuja na biashara ya ziwa. Alikuwa anateremsha milango kwa ajili ya sala ya alasiri.

"Karibu, enjenyeri bila diploma. Fanya mbio."

"Papa," nikasema, kwa heshima ya baba, "natafuta fishi ya mikro."

"Leta ya zamani nione."

Sikutaka kumpa. Nilimpa. Aliizungusha, akaifungua kwa ukucha.

"Nani alifunga hii?"

"Ni minye."

"Visi yake iko wapi?"

"Ilianguka."

"Sasa waya ulikamata na nini? Na skochi?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Weye! Simu yangu ulifungua mara tatu juu ya vumbi tu, alafu ku kanisa unaweka skochi?"

"Papa, ku kanisa wanasema ni roho mubaya."

"Mu hii?"

"Mu ule mama mwenye kuimba nayo."

Akaacha kucheka. "Shetani iko na kazi mingi. Hawezi kukuja mpaka Kimanga juu ya kukata fishi ya skochi." Akanipa fishi mpya, yenye sukurubu yake.

"Na nyinyi? Hamungesema vile?"

"Na sisi tuko na wetu wenye kusema vile. Lipa, nafunga."

Alitumia dakika moja. Mimi nilikuwa na majuma na daftari. Nikirudi barabarani nilielewa kitu ambacho bado kinaniumiza: safu ya kulia, ile fupi, ile niliyojivunia, ilikuwa na viraka kama ile ya kushoto. Waombezi waliongeza roho ili wasiseme "hatujui". Mimi niliongeza unyevu, betri na antena ili nisiseme "ni mimi". Sikumfuta Mungu kwa sababu ya urahisi tu. Nilimfuta pia kwa sababu pasipo Mungu hakuna anayeona ndani ya fishi.

Jumatano nilikwenda kwa tantina. Alikuwa anapepeta mchele kwenye lungo, mlangoni.

"Tantina, mikro ni minye niliharibu."

"Uliharibu nini?"

Nikamwonyesha. Nilimweleza mkono wa kushoto, waya, kibano, skochi. Mchele uliendelea kuruka na kurudi.

"Kwa hiyo si minye," akasema.

"Si weye."

"Alafu unakuja leo." Akaweka lungo chini. "Jana niliungama."

"Uliungama nini?"

"Nilisema wakati tulikimbia nilibeba dawa ya muganga mu kitambaa, juu inichunge mu njia."

"Ulibeba?"

"Nilibeba sufuria na mutoto mukono huu, mukubwa amekamata kikwembe nilichojifunga. Mukono huu ungine ulikuwa umevunjika. Dawa ningebeba na nini, na meno?"

Nilicheka, kisha nikaona hacheki.

"Sasa juu ya nini ulisema vile?"

"Mara ya kwanza waliniuliza, nikasema sina kitu. Wakasema omba. Mara ya pili nikasema sina kitu. Wakasema kaa nyuma mpaka ukumbuke. Jana ilikuwa mara ya tatu. Nikakumbuka." Aliokota punje moja nyeusi, akaitupa. "Siku ya Mungu watanirudisha. Usiniharibie."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimeshasimama aliponiuliza, "Na waya utatengeneza?"

"Nitatengeneza."

"Basi itasema. Watasema Mungu amejibu, dawa imetoka."

Ilikuwa kweli. Nikitengeneza vizuri, kazi yangu nzuri kuliko zote ingekuwa ushahidi wa uongo: mwanamke aliungama, sauti ikarudi. Nani angeuliza zaidi? Hata mimi, ningekuwa nimekaa pale bila kujua, ningesema maelezo ni mafupi na yanatosha. Na nikiacha mbovu, ingenyamaza tena mkononi mwake, naye angerudishwa nyuma kutafuta dhambi ya pili.

"Watoto wangu watasikia siku zote kwamba mama yao alitembea na dawa," akasema polepole, kama aliyekuwa hajalisikia mwenyewe. Kisha akanishika kidole. "Fanya unachojua. Lakini usinisimamishe mbele ya watu niseme nilidanganya mbele ya Mungu. Ile sitaweza."

Nililala vibaya siku zote zilizofuata. Nilifunga fishi mpya, nikaifungua, nikairudisha ya zamani na skochi yake. Niliandika maneno ya kusema, nikayakata, nikayaandika tena. Yalikuwa maneno mazuri. Yalianza na kanuni ya urahisi.

Jumapili niliwahi kabla ya ibada. Kwenye chumba cha wazee, nyuma ya mimbari, walikuwemo mchungaji, wazee wawili, na mama yangu kwa niaba ya waombezi. Nilivuta waya mpaka ndani, mikro mkononi.

"Naomba mama akamate hii," nikasema. Maneno mazuri yote yalikuwa yamekwenda.

"Tuko na kazi," mzee wa kwanza akasema.

"Ni kidogo tu, papa. Mama, kamata na mukono ya kuume. Sema kitu."

Mama akasema, "Bwana asifiwe." Sauti yake ikajaa kanisa tupu upande wa pili wa ukuta.

"Sasa na mukono ya kushoto. Geuka hivi, sawa na tantina."

"Bwana—" akasema mama, na iliyobaki ikabaki chumbani.

Alinitazama. Akahamisha mikro kulia: sauti. Kushoto: kimya. Kulia. Kushoto. Alifanya hivyo mara nne mwenyewe, polepole, kama mtu anayehesabu mapigo ya mgonjwa.

"Fishi ni minye nilifunga," nikasema. "Nilifunga mubaya. Kila muntu mwenye kukamata na kushoto, itakatika. Hata pasta."

Mzee wa kwanza akakunja mikono. "Tulisema kuna kizuizi. Hii si kizuizi? Ni Mungu ametufunulia."

Nilikuwa na jibu la hilo, nililifanyia mazoezi tangu Alhamisi: kwamba maelezo yanayoweza kumeza kila kitu hayajaeleza kitu. Kabla sijalitoa, mzee wa pili, mtu mpole, akauliza swali ambalo sikuruhusiwa kulijibu.

"Na ungamo? Muntu ataungama dawa ambayo hakubeba?"

Nilimwangalia mama, kisha sakafu. Nje watu walianza kuingia, mabenchi yakikwaruza. Nilikuwa nimeahidi.

"Ataungama, papa," mama akasema. Alikuwa bado ameshika mikro kwa mkono wa kushoto, na ilikuwa kimya. "Ataungama kama tumemuchosha. Mara ya tatu ni minye nilimuuliza. Nilimwambia, mama, sema tu, turudi mu nyumba, watoto wako na njaa." Aliiweka mikro chini. "Hakuna dawa. Kuko sisi tu."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo. Alikata kwa sentensi moja kile ambacho daftari langu zima halikufikia, na hakumwondoa Mungu mahali popote ili akate. Mimi niliyemfuta Mungu nilikuwa nimejificha. Yeye aliyeamini kwamba Mungu anamwona alisema. Simwambii mtu kwamba hilo linathibitisha kitu. Katika safu zangu halina pa kukaa. Lakini nilikuwepo, na nisipoliandika nitakuwa nachagua tena kile kinachoingia kwenye fishi.

Ngoma za korali ya vijana zikaanza. Mchungaji akauliza, "Sasa tuseme nini mbele ya kanisa?"

"Tuseme tulikosea," mama akasema. "Ni maneno machache."

Mchungaji akayasema. Sikutegemea, lakini aliyasema wazi, kabla ya wimbo wa kwanza: chombo kilikuwa kibovu, dada yetu hakuwa na kosa, wazee na waombezi walikosea kumweka nyuma. Kuhusu ungamo hakusema kitu. Mimi nilisimama nikasema ni mimi niliyekitengeneza vibaya, na kwamba fishi mpya ninayo mfukoni. Watu waliguna, wengine wakacheka. Mama mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba roho mbaya pia hupita mu waya. Tantina alinyanyuka kwenye benchi yake, akapita katikati na watoto wake bila haraka, akafika kwenye korali. Wanawake wakasogea kumpa nafasi, wengine haraka mno. Aliimba na wenzake, siyo peke yake. Alipokea Meza ya Bwana.

Baada ya ibada nilimngoja mlangoni. Nadhani nilingoja kushukuriwa. Naona aibu kuliandika. Alinipa mkono wa kushoto, nikaushika kwa miwili.

"Mama yako ni muntu," akasema.

"Ndiyo, tantina."

"Na weye. Ulijua toka lini?"

Ningeweza kusema Jumanne, dukani. Ingetosha, na hakuna mtu ambaye angeifungua.

"Toka siku ya Mungu ya pili," nikasema.

Alihesabu. Niliona anahesabu: Jumapili ya tatu, benchi, watoto, maswali matatu, mchele uliokosa wanunuzi. Akautoa mkono wake mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayetoa kitu chake mahali alipokuwa amekiacha. Akawaita wanawe, akarudi ndani kwa mazoezi ya korali, na mlango akausindika nyuma yake.